Bahasha na mkataba: kisa cha msomaji wa maulidi aliyeitwa jukwaani

## Kuhusu kisa hiki

Naandika kwa ajili ya wanaosimamia vikundi vya kaswida, walimu wa madrasa wenye vijana wa dufu, na yeyote ambaye kesho kutwa anaweza kupigiwa simu na promota akaambiwa tunawataka. Majina nimeyatoa yote. Mji siutaji, nchi ya Ulaya kikundi kilikoalikwa siitaji, na vitu vidogo vidogo nimevigeuza ili mtu asianze kukisia ni nyumba ya nani. Mhusika namwita Maalim tu, mwambao huu kila mtaa una Maalim wake kwa hiyo hapo hakuna siri iliyovuja. Mimi nilikuwa nawasaidia makaratasi, ndiyo maana mkataba niliusoma na baadhi ya vikao nilikaa mpaka mwisho, vingine nimehadithiwa na pande zote mbili.

Ukiuliza mtaani kwa nini kikundi cha Maalim kiligawanyika baada ya safari ile, utaambiwa ulikuwa ugomvi wa dini, eti mzee alikwenda kuimba sifa za Mtume kwenye kumbi za wazungu. Mimi naona dini ilichangia kidogo sana. Kikundi kilivunjwa na hela, na wala si wingi wa hela, ni njia iliyopitia.

## Alikotoka

Maalim kazaliwa miaka michache kabla ya uhuru, mwambao wa Tanzania Bara, akalelewa na mjomba wake aliyekuwa khalifa, yaani kiongozi, wa Qadiriyya, twarika mojawapo ya njia za kisufi. Kwa wasiojua, twarika hii ilisambaa sana pwani yetu kupitia Sheikh Uways bin Muhammad wa Barawa, aliyezaliwa 1847, akasoma Baghdad, akafika mpaka Unguja enzi za Sultani Barghash, na akauawa 1909 huko kwao Somalia. Bagamoyo nako akatokea Sheikh Yahya bin Abdallah, Sheikh Ramiya kama watu walivyomjua, aliyefariki 1931. Huyu aliletwa pwani akiwa mtumwa kutoka upande wa Congo, na akaishia kuwa sheikh wa watu kufunga safari kwenda kumzuru. Nawataja kwa sababu bila hiyo historia huwezi kumwelewa Maalim. Yeye si sharifu, yaani wa kizazi cha Mtume, wala si mwanachuoni wa vitabu vikubwa, na babu zake walitoka bara wakiwa wapagazi. Mtu wa aina yake alipata nafasi ya kukaa mbele kwa sababu twarika ilimpokea kwa khidma, yaani utumishi, na kwa sauti, ukoo wake haukuulizwa. Kwa hiyo mtu akigusa nafasi yake kwenye kikundi, kagusa kila kitu alichonacho.

Kujifunza kwake kulikuwa kwa ngazi na hakuna aliyerushwa. Alianza kwa kushika chetezo na mrashi, yaani kazi yake ni kupitisha udi na kuwanyunyizia watu marashi, huku masikio yako wazi. Baadaye akakaa na waitikiaji. Halafu dufu, kwanza lile dogo. Miaka ikapita ndiyo akapewa kusoma mlango mmoja wa Barzanji mbele za watu, na mjomba wake alimkatiza katikati akampa mwingine amalizie, kwa sababu alikuwa kavuta pumzi mahali pasipo pake. Barzanji, kitabu cha Sayyid Jaafar al-Barzanji wa Madina wa karne ya 18, ile nathari yake inasomwa sauti tupu, hakuna ngoma ya kukusitiri. Msomaji akifika mwisho wa mlango watu wanaitikia "Attiri llahumma qabrahul karim", ndipo inaingia kaswida na madufu, kisha kimya, mlango mwingine. Ikifikiwa habari ya kuzaliwa Mtume, watu wote wanasimama, ndiyo kiyamu hiyo. Msomaji mzuri anawajenga watu polepole ili wakifika hapo wawe wameiva. Maalim alikuwa na kipaji hicho hasa. Sauti yake si nene, ni ya juu kidogo na ina mkwaruzo, lakini anajua kungoja.

Riziki yake ilikuwa cherehani. Hili nalisisitiza: kusoma maulidi hakujawahi kuwa ajira yake hata siku moja. Mwenye shughuli, iwe harusi, akika au hitima, anatoa bahasha, anaikabidhi kwa mkuu wa kikundi pembeni wakati watu wananawa mikono kwa pilau. Mkuu anatoa kwanza fungu la chuo, yaani madrasa, anampa msomaji chake, halafu wengine wanapata sawasawa. Jumla ya bahasha anaijua yeye peke yake. Hakuna aliyeuliza miaka yote hiyo, na sababu yake nadhani ni kwamba bahasha yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba kuuliza ingekuwa aibu kwa muulizaji.

## Mambo yalivyokwenda

Kabla ya safari kulikuwa na kaseti. Miaka ya tisini mwenye duka mmoja alikuja na redio kaseti yake kwenye maulidi ya Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, akaiweka karibu na msomaji, akarekodi usiku kucha, na baada ya muda kaseti ikawa inauzwa stendi. Maalim alipewa nakala mbili. Hakulalamika. Alisema sifa za Mtume haziuzwi, kama mtu kaziuza basi hesabu yake iko kwa Mungu. Kaseti ile ikamtangaza, ikatoka kwenye kaseti ikaingia kwenye sidii, ikaingia kwenye flashi, na kwa njia hiyo, sijui kwa mikono mingapi, ikafika kwa promota mmoja anayetafuta miziki ya kisufi kwa ajili ya tamasha la Ulaya.

Huyo promota alikuja mwenyewe. Mtu mpole, anajua kukaa chini, alivua viatu bila kuambiwa. Alieleza kuwa huko kwao watu wamezoea qawwali, nyimbo za kisufi za Pakistan, tangu Nusrat Fateh Ali Khan alipopiga tamasha la WOMAD la 1985 kule Uingereza, sasa wanataka kusikia na pwani ya Afrika. Alijua kuwa Unguja maulidi ya homu yameshapanda majukwaa ya matamasha. Akataka kikundi, shoo moja ya saa nzima na nyingine fupi. Tiketi sita.

Kikundi kilikuwa na watu 14.

Hapo ndipo pa kwanza pa kuangalia vizuri. Maalim alitaka kuwachukua wazee wenzake, wale aliokaa nao tangu utoto. Lakini paspoti inataka cheti cha kuzaliwa au kiapo, viza inataka taarifa za benki, na wazee wale wengi hawakuwa na cheti wala akaunti. Muda ulikuwa mfupi. Vijana walikuwa na vitambulisho vya taifa, vyeti vya shule, kila kitu. Mwisho wa siku walioenda ni Maalim, mzee mwenzake mmoja, na vijana wanne, na kati ya hao wanne wawili ni wapwa zake. Makaratasi ndiyo yaliyochagua. Mtaani ikasomeka kwamba Maalim kachagua nyumba yake.

Halafu wakaja wazee wa twarika. Kikao kilifanyika baada ya Isha, kikawa kirefu. Hoja zao zilikuwa tatu: watu watakata tiketi, ukumbini kutauzwa pombe, na wasikilizaji watapiga makofi. Mmoja akasema dufu lenyewe ni la kumtukuza Mtume, likipigwa pale litakuwa kama ngoma nyingine yoyote. Maalim akamkumbusha ya Lamu: zaidi ya miaka mia iliyopita Habib Swaleh alipoingiza matari kwenye maulidi ya al-Habshi, walikuwepo masharifu waliosema hii ni ngoma imeletwa msikitini, na leo maulidi ya Lamu yanajaza watu kutoka pwani nzima na Msikiti wa Riyadha ndio kitovu chake. Khalifa wa wakati huo akamjibu, "Habib Swaleh aliwaleta watu wa ngoma kwenye zikri. Wewe unaipeleka zikri kwenye ngoma." Nilikuwepo, na kusema kweli jibu lilikuwa kali na lilimwingia.

Walikubaliana hivi. Zikri, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja, haitapigwa jukwaani. Kiyamu haitafanywa. Barzanji yenyewe haitasomwa. Zitaimbwa kaswida tu, za Kiarabu na zile za Kiswahili alizotunga Maalim na mjomba wake, na kabla ya shoo promota atahakikisha baa ya ndani ya ukumbi imefungwa. Promota akakubali yote. Mkataba ukaletwa, umeandikwa kwa jina la Maalim peke yake kwa sababu kikundi hakikuwa kimesajiliwa popote, akasaini.

Safari yenyewe ilikwenda vizuri kuliko tulivyodhani. Tatizo kubwa likawa ngozi. Dufu limewambwa ngozi ya mbuzi, na ngozi ikipata baridi na unyevu inalegea, sauti inakuwa kama unapiga mto. Huku kwetu dawa yake ni kuwasha makaratasi na majani makavu, unalizungusha dufu juu ya moto mpaka ukilipiga kwa ncha za vidole lilie "ta". Kule kwenye vyumba vya nyuma ya jukwaa huwezi kuwasha hata kiberiti, ving'ora vitalia na zimamoto watakuja. Kijana mmoja akaona mashine ya kukaushia nywele ukutani. Basi dakika za mwisho kabla ya kupanda ukawa unaona mzee na kanzu yake na kofia ya vito kashika mashine ya saluni analipuliza dufu huku analigonga na kulisikiliza, na mafundi wa sauti wamesimama wanatazama hawasemi kitu.

Kingine ni maiki. Fundi alitaka kila dufu liwe na maiki yake. Maalim akakataa, akataka maiki mbili tu, moja yake na moja katikati ya waitikiaji. Alieleza kwa mkalimani kwamba wakiitikia lazima wasikilizane wenyewe, sauti yao isitoke kwenye spika. Fundi hakufurahi ila alifanya. Watu walisikiliza kimya kabisa na makofi yalikuja baada ya kila kaswida, Maalim anasubiri yaishe, kainamisha kichwa, ndipo anaanza nyingine.

## Hela

Malipo yaliingia wiki kadhaa baada ya kurudi. Kwenye mkataba kulikuwa na kiasi fulani, kilichofika kilikuwa pungufu kama robo hivi. Sababu ilikuwa ya kawaida kabisa: nchi nyingi za Ulaya zinamkata msanii mgeni kodi palepale kabla hajalipwa, na wakala naye ana asilimia yake. Yote yalikuwa kwenye mkataba, ukurasa wa tatu, kwa Kiingereza. Nilimweleza Maalim kabla hajasaini na akasema sawa. Wenzake hawakuelezwa.

Kisha Maalim akafanya kama alivyofanya miaka yote. Alitoa fungu la chuo, kubwa tu, paa la madrasa likaezekwa upya. Akawapa wale watano waliosafiri naye. Akawapa na wale wanane waliobaki, kidogo zaidi, kwa mkono, mmoja mmoja, baada ya sala, kama zawadi. Na chake akachukua. Jumla hakuitaja.

Kwa kipimo cha zamani alikuwa mkarimu. Lakini wale vijana wanne walikuwa wameuona mkataba kwenye simu, maana promota alimtumia mmoja wao kwa wasap ili amchapishie mzee. Kiasi cha juu walikiona. Makato hawakuyaona, au waliyaona hawakuelewa. Wakapiga hesabu yao na ikatoka kwamba Maalim kabaki na zaidi ya nusu.

Kikao kilikaa barazani kwa Maalim. Mzee mmoja wa dufu ndiye aliyefungua, kwa adabu: "Maalim, harusi ile ilikuja bahasha, tukagawana elfu tano tano, iliyobaki ikaenda chuo, hakuna aliyenung'unika. Sasa tunasikia ni yuro. Sisi hatujui kuhesabu yuro, tufundishe." Maalim akakasirika. Akauliza kama wanamwona karani. Hapo mpwa wake mkubwa akasema, "Mjomba, mimi sikuulizi wewe, naiuliza karatasi," na baraza lote likanyamaza kwa sababu kwa mila zetu mtoto hamsemeshi mjomba wake hivyo mbele ya watu. Maalim akainuka akaingia ndani. Kikao kikaishia hapo, kahawa ikabaki kwenye birika.

Hesabu kamili, ile niliyokuja kuiona baadaye, ilionyesha kuwa baada ya makato Maalim alichukua chini ya robo. Angeisoma siku ile wangeondoka wanacheka.

## Baada ya hapo

Vijana watatu waliondoka, mpwa mkubwa ndiye kiongozi. Wakanunua kibodi ya mkopo, wakafungua kikundi chao cha kaswida za kisasa, sare za kung'aa, video zenye maua na maji yanayotiririka. Wana kazi nyingi, harusi wanapata kuliko kikundi cha zamani. Nimewasikiliza. Wanaimba vizuri, dufu lao limezama nyuma ya ile ngoma ya mashine na sioni kwa nini walihangaika kulibeba, lakini wana shule nzuri ya sauti na inasikika wametoka kwa nani.

Wakati huohuo kule mtaani wale wa Ansari, ambao siku zote wanasema maulidi ni bidaa, yaani uzushi katika dini, wakapata la kusema kwenye vipaza sauti: tuliwaambia, haya mambo mwisho wake ni biashara. Hilo lilimuuma Maalim kuliko maneno ya wapwa zake. Akaacha kusoma kwa muda. Halafu hata alipotaka kurudi sauti ikagoma. Miaka mingi ya kusoma usiku kucha ndani ya moshi wa udi, bila maiki kwanza na baadaye kwa vipaza sauti vibovu vinavyomfanya mtu apige kelele ajisikie, ilikuwa imekula koo. Alikuwa anajitibu kwa tangawizi na asali. Daktari wa koo alimwambia anyamaze kabisa kwa wiki kadhaa, anywe maji, na akae mbali na moshi. Kumwambia msomaji wa maulidi akae mbali na udi, sijui daktari alifikiria nini, lakini kunyamaza alinyamaza.

Ni khalifa, yuleyule aliyempinga, ndiye aliyewakalisha tena. Hakusema habari ya jukwaa hata kidogo. Aliitisha kikao, akataka karatasi zote ziletwe, nikazileta, akamwambia mwalimu mmoja wa shule azisome kwa sauti kwa Kiswahili kuanzia mstari wa kwanza mpaka risiti ya mabati. Ilichukua muda mrefu. Wazee wa dufu waliomba radhi hapohapo. Mpwa mkubwa hakuja.

Likafuata daftari la makubaliano. Kazi zimegawanywa mbili. Shughuli za mtaani, maulidi, hitima, ziara, zinabaki na bahasha na mgao wa zamani, isipokuwa jumla inatajwa. Kazi za jukwaa zinasainiwa na watu watatu, kiasi na makato vinasomwa kwa wote kabla ya kusaini, na wanaobaki nyumbani wana fungu linalojulikana, kwa sababu wao ndio wanaoshika ziara na harusi wakati wenzao wako safarini. Pia wazee wote walitafutiwa vyeti na paspoti mapema, kabla hajatokea promota mwingine. Kikundi kikasajiliwa.

Mwaliko wa pili ulikuja, wakaenda, wazee watatu safari hii, hakuna aliyegombana. Wa tatu ulianguka Mfungo Sita na wakaukataa bila hata kukaa kikao.

## Uamuzi gani ulikuwa mzuri na upi mbovu

Ule mpaka waliouweka kabla ya kwenda, kwamba zikri na kiyamu hazipandi jukwaani, ndio uamuzi bora kuliko yote kwenye kisa hiki. Uliwapa wazee kitu cha kushika, ukampa Maalim jibu la kuwapa watu, na kisanaa haukupunguza chochote kwa sababu kaswida zinasimama zenyewe. Kama wangekwenda wakaangusha zikri mbele ya watu waliokata tiketi, ile karatasi ya hesabu isingetosha kuwarudisha barazani. Kikundi chochote cha kidini kinachoalikwa kikae kwanza na kuamua kipi hakitoki nyumbani. Promota mzuri atakubali, na asipokubali umeshamjua.

Kuhusu maiki pia Maalim alikuwa sahihi, na nasema hivi kwa sababu watu wengi wa vikundi vyetu wakimwona fundi wa kizungu wanaona anajua kila kitu. Muziki wa kuitikiana unaharibika waitikiaji wakiacha kusikilizana kwa masikio yao.

Sasa makosa. La kwanza ni kusaini kwa jina la mtu mmoja. Promota alifanya hivyo kwa urahisi wake, hakuwa na nia mbaya, lakini karatasi ile ilimgeuza Maalim kutoka mkuu wa kikundi akawa mwajiri, na yeye mwenyewe hakujua kama amegeuka. Huko Pakistan na India qawwali ni kazi ya ukoo, inarithishwa, mkuu wa kikundi anajulikana ndiye anayepokea kazi na kuwalipa wenzake, na kila mmoja anaingia akilijua hilo. Kwetu msomaji ni fundi cherehani, mvuvi, mwalimu wa chuo, anayesoma kwa khidma. Utaratibu wa bahasha ulitosha kwa khidma. Ukiuchukua ukaupachika kwenye mkataba wa yuro unapata hasara ya pande zote: hela inatolewa kama sadaka, inapokelewa kama mshahara uliopunjwa.

La pili ni kimya. Maalim hakuficha kwa wizi. Alificha kwa heshima, kwa sababu kwa malezi yake kutaja kiasi ni kujisifu, au ni kumdhalilisha unayempa. Vijana wamelelewa na simu, wanaona karatasi kabla ya mzee. Kati ya watu wa aina hizo mbili kimya hakiwezi tena kufanya kazi iliyokuwa ikifanya, na ilitakiwa mtu mmoja alione hilo kabla ya hela kuingia. Khalifa aliliona, amechelewa, lakini dawa aliyotumia ilikuwa sawasawa, kusoma kila kitu kwa sauti na kwa Kiswahili, mbele ya wote, bila kumlaumu mtu.

Suala la uteuzi wa wasafiri halikuwa kosa la mtu. Lakini ingetosha Maalim kusimama baada ya sala akasema wazi fulani na fulani hawaendi kwa sababu hawana cheti cha kuzaliwa. Hakusema, aliona atawaaibisha.

Halafu kuna haki za kazi zenyewe. Tangu kaseti ile ya stendi Maalim anaamini kuwa sifa za Mtume hazina mwenyewe. Kwa Barzanji ni kweli hata kisheria, maandishi ya karne ya 18 hayana tena mmiliki. Lakini kaswida za Kiswahili alizotunga yeye ni zake, na sheria ya hakimiliki ya Tanzania Bara ya 1999 inazilinda maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, na inamlinda pia mwimbaji kwenye kile anachokiimba. Alipoambiwa akazisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki, aliuliza, "Niende ofisini nikaandikishe mapenzi yangu kwa Mtume?" Ilibidi aelezwe kuwa asipoandikisha yeye, ataandikisha mwenye duka. Mpaka sasa kaandikisha chache tu.

Na urithi. Wote walikuwa wanamtazama yule mpwa mkubwa, alipoondoka ikawa kama mlango umefungwa. Sauti iliyo bora kuliko zote nyumbani kwa Maalim ni ya mjukuu wake wa kike, anayesoma maulidi ya wanawake, na ndiye anayenakili madaftari ya babu yake kutoka hati za Kiarabu kwenda za Kirumi kwa sababu wino umeanza kufifia na mengine yaliazimwa hayakurudi. Anajua kaswida zote, na anajua pa kuvuta pumzi. Kwenye vikao vyote nilivyokaa vya nani atashika baada ya Maalim, jina lake halikutajwa. Waliokuwa wanaogopa elimu itapotea walikuwa wanaongea sebuleni na yeye yuko chumba cha pili, anaandika.

Lililobaki wazi ni YouTube. Ile rekodi ya miaka ya tisini iko kwenye chaneli ya mtu ambaye hakuna anayemjua, ina picha ya msikiti wa Uturuki na matangazo ya biashara katikati ya kaswida. Mpwa mkubwa ndiye aliyeigundua, na ndiye aliyempigia Maalim simu kumwambia, simu yao ya kwanza tangu siku ile ya baraza. Waliongea kuhusu chaneli tu. Malalamiko yamepelekwa, yakarudi yakitaka uthibitisho kwamba sauti ile ni ya Maalim, na sasa wanatafuta nakala moja ya zile kaseti mbili.